Mtani wa Khamis

Siku Amne alipokuja kuiona reli, Mushagalusa alikuwa hajapiga hata msumari mmoja ukaingia sawa. Alikuwa na neno la kumwambia mjane huyo wa mtani wake, na alikuwa akiliahirisha tangu mapema Agosti. Sasa ilikuwa Desemba.

Reli ilikuwa imefungwa miaka arobaini, nyuma ya viwanda, magugu yameimeza. Wazee fulani wa Kizungu waliostaafu ndio walioanza kuifufua kila Jumamosi, bila malipo, kwa mapenzi tu. Kisha wakaja hawa wawili: Khamis, fundi reli wa zamani wa Tanga, na Mushagalusa, aliyetandika mataruma, yale magogo ya kulalia reli, kwao Kalemie kabla vita havijamkimbiza. Loo, walikutana! Siku ya kwanza tu wakatangaziana utani, na amani ikaishia hapo. Huyu mvivu, yule mwizi wa misumari. Mmoja akishikwa na mafua, mwenzake anaulizia mazishi. Ndivyo watani walivyo jamani, mtani humpi pole, unamchokoza mpaka acheke.

Halafu korona ikaja kwa kishindo, Bankstown, mtaa wao huku ughaibuni, ikafungwa, reli ikalala tena. Siku moja baada ya magharibi Khamis akapiga simu.

"Mtani, pumzi haipandi."

"Uvivu huo!" Mushagalusa akamjibu. "Ukikufa, buti zako ni zangu. Lala, kesho utapona."

Khamis akacheka, akakohoa, akakata simu. Alfajiri alikuwa maiti. Mazishini waliruhusiwa watu kumi, na mtani hakuwamo.

Amne alikuwa ametoka eda wiki hiyo hiyo. Alisimama juu ya mataruma na buibui lake, akauliza mumewe alikuwa anapigia wapi nyundo. Mushagalusa akamwonyesha. Kisha akaketi juu ya reli.

"Mama Fawzia, miye njo nilimuua bwana yako. Aliniambia kama hapumui, nikamwambia alale. Ningesema aende hospitali, angeenda. Nilimfanyia mzaha!"

Akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, wala hakujificha uso.

"Shemeji, simu ile aliiweka sauti ya juu," Amne alisema. "Nilikuwa pembeni yake, namkanda mgongo. Nilishamwambia mara mbili tuite ambulensi. Ulipozitaka buti nikacheka, wallahi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikajiona mimi ndiye mwoga wa bure. Basi nikazima taa, tukalala."

Akaketi karibu naye. Wazee waliokuwa mbele kidogo wakaziweka nyundo chini, wakageukia upande mwingine.

"Fawzia wangu kila siku ananiuliza kwa nini sikuita mtu," Amne alisema. "Sijamjibu mpaka leo."