Magadi Kwenye Kisima cha Asteria

Kisima cha Generoza ndicho kilichotangulia. Mumewe alikichimba mwaka ule Generoza alipojifungua mwanawe Leodgar, na tangu hapo wanawake wa kitongoji chetu, huku upande wa Ushirombo, walikuwa wakikutana pale na ndoo zao. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kafiwa, ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani, ulikwenda pale. Generoza alikaa kwenye kigoda anachambua majani ya kunde, na habari zinamfuata hapo hapo.

Kisha wakaja watu wa maji. Shida ilikuwa mialo, yale madimbwi ya kule kilimani ambako wachimbaji wadogo wanaoshea mchanga wa dhahabu na kuutia zebaki. Watu waliogopa isije ikawa zebaki imeshuka visimani. Aliyetumwa ni binti mmoja mpole, Elieth, na sanduku lake la barafu. Akaanza na kisima cha Generoza. Zebaki haikuonekana, ila maji aliyoyalaza kwenye kisahani chake cha kuoteshea vijidudu yaliota madoa ya bluu, alama ya kinyesi.

"Zizi liko juu ya kisima, mama," akasema. "Mvua inashusha samadi humu. Nitarudi kupima cha Mama Boaz. Kikiwa kizuri, pampu ya kitongoji tutaifunga pale."

Mama Boaz ndiye Asteria, mke wa mdogo wake mume wa Generoza, na kwetu wake wa ndugu huitana wake wenza. Nyumba zao zinatazamana, katikati kuna ua wa minyaa. Tangu siku ile ndoo zikahamia ng'ambo ya minyaa. Asteria akachongesha benchi. Generoza alibaki na kigoda chake, anasikia kicheko kinaanza, kinapanda, halafu kinakatika ghafla, akajua hapo pana habari nzuri inayosemwa kwa sauti ya chini. Hata Sesilia, ambaye Generoza alimzalisha watoto wake wote, sasa alipita mlangoni kwake na ndoo kichwani, anaamkia huku anatembea.

Bora tukose wote, akawaza Generoza. Pampu iende kitongoji kingine.

Alikuwa amemtazama Elieth vizuri. Kile kimashine chake cha kuchovya kinasoma chumvi iliyomo majini, na namba zikiruka, binti anakunja uso. Basi siku ya kupima, alfajiri, Generoza akachukua bonge la magadi ya kupikia, akalifunga kwenye kipande cha kitenge chake cha zamani, cha kijani chenye ndege, akavuka minyaa. Alitaka kulifungua atumbukize magadi peke yake. Mlango wa Asteria ukalia, na mkono ukaachia vyote pamoja na kitambaa.

Elieth alifika jua limeshapanda, wanawake wamejaa. Akateremsha utepe wake wa kupimia kina, ukalia ulipogusa maji. Ilikuwa kiangazi, maji yalikuwa ya magotini tu. Akateka kidogo, akachovya kimashine. Namba zikaruka.

"Mama Boaz, haya maji mnakunywa?"

"Tunakunywa. Jana nimepikia uji."

"Labda ndiyo mialo hiyo," Sesilia akasema. Asteria akakaa kwenye benchi lake.

"Pole, mke mwenzangu," Generoza akasema, na kifua chake kikawa chepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Elieth akatikisa kichwa. "Maji yaliyolala hayanipi habari za kisima. Tuyatoe haya, yaingie mapya kutoka ardhini, ndipo nipime tena. Naomba mikono."

Na kwetu, kazi ya mji haianzwi na mdogo wakati mkubwa yupo. "Mayu, mama yetu, wewe ndiye mkubwa wa mji, tuanzie," wakasema, wakamwekea Generoza kamba mkononi.

Akavuta. Asteria akapokea ndoo na kumwaga, akapokea na kumwaga. Kila baada ya muda Elieth alichovya kimashine, na kila alipochovya namba zilishuka. Generoza akaanza kuleta ndoo nusu.

"Mama Leodgar, unachota au unabembeleza?" Sesilia akasema, wakacheka.

Ikabidi aijaze. Ndoo iliyofuata ilipanda na kitambaa cha kijani chenye ndege, kimefungwa, kina uzito. Asteria akakiona. Akamtazama Generoza, akakitia ndani ya fundo la kanga yake, akamwaga maji kama kawaida.

Namba zikatulia, hazikucheza tena. Elieth akasuuza chupa kubwa mara tatu kwa maji yale yale, akaijaza. Ile ndogo yenye matone ya dawa ya kutunza sampuli hakuisuuza, akaijaza taratibu, akazilaza zote kwenye barafu. "Zebaki tutaambiwa na maabara," akasema. "Chumvi ni ya kawaida kabisa."

Jioni Asteria alivuka minyaa na bakuli. "Shikamoo dada. Nimekuletea mboga ya kunde."

"Marahaba."

"Imelainika, sijui ni magadi gani yale."

Bakuli lilikuwa limefunikwa na kitambaa chenye ndege, kimefuliwa na kukunjwa. Generoza akala. Ililainika kweli, kuliko yake.

Majibu ya maabara yakaja safi, pampu ikafungwa. Generoza akakawia, mwishowe akaenda na ndoo yake, akasimama nyuma ya wote. Akatega sikio: hakuna aliyekuwa na habari. Asteria hakuwa amemwambia mtu, na hilo lilimuuma kuliko yote. Hata siri yake mwenyewe sasa ilikuwa ng'ambo ya minyaa.

"Mama Boaz," Sesilia akauliza, "ile mboga uliyonionjesha siku ya kupima maji, uliipikia magadi ya wapi?"

Asteria akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi. "Kaa hapa, dada. Muulizeni yeye. Mwenye magadi mazuri ni yeye."

Nyuso zote zikamgeukia, kama zamani. Generoza akakaa ukingoni.

"Nitakukatia kipande," akamwambia Sesilia, macho yake yakiwa kwenye pampu.