Kamera ya Nduku

Siku kamera ya Nyevu ilipokwama mbele ya bibi harusi kule Kibarani, aliapa hatakwenda kazini tena na kamera moja. Bibi harusi alisimama na tabasamu mpaka likamkauka mdomoni, na mama mkwe akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama huyu ndiye mpiga picha waliyesifiwa.

Akaanza kutafuta bodi ya pili, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi ya kupigia nyuso alikuwa nayo, nzuri, na hakutaka kamera isiyoikubali lenzi ile. Tena alikwisha kuona kwa wenzake: ukichanganya kamera za aina mbili, mtu mmoja hutoka watu wawili. Huku ngozi inang'aa kama kokwa la ukwaju, kule imepauka kama majivu. Alitaka pacha wa ile aliyonayo.

Pacha akapatikana mtandaoni. Muuzaji aliitwa Nduku, mwanamke wa Ukambani aliyehamia Watamu, kazi yake kuwapiga picha wageni wa mahoteli. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya bei za wengine, na hicho kidogo ndicho kilichomtia Nyevu shaka. Isitoshe, Nduku hakutaka aende kwake.

"Tukutane Matsangoni, dada. Ni katikati, kwako na kwangu."

Mwenye mali yake, Nyevu alijiuliza, anaukimbiaje mlango wake?

Walikutana nje ya duka la saruji. Nduku akaitoa kamera ndani ya kanga. Nyevu akabonyeza kila kitufe, akatia kadi yake na lenzi yake, akampiga picha mama muuza korosho, mbingu nyeupe nyuma yake. Picha moja aliipiga tundu la lenzi likiwa limefungwa karibu lote, maana hapo ndipo doa lolote hujitokeza. Kisha akaitazama kwa simu idadi ya picha ambazo kamera imewahi kupiga. Elfu tisa.

"Umekaa nayo muda gani?"

"Miaka minne."

"Miaka minne, elfu tisa tu? Mimi hizo nazimaliza msimu mmoja wa harusi."

"Haikutumika sana," Nduku akasema, akageuza uso barabarani.

Nyevu akaomba siku mbili aionyeshe kwa fundi. Nduku akasita, kisha akakubali kwa sharti: kitambulisho cha Nyevu na nusu ya bei vibaki kwake. Wakaandikiana karatasi yenye majina, nambari za simu na nambari ya kamera, ikatiwa mkobani pamoja na kamera.

Fundi alikuwa Randu, binamu ya mamake, mwenye kibanda karibu na soko la Kilifi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mtu wa bara, anakaa Watamu."

"Mmh," akasema Randu, na hiyo mmh ilimwingia Nyevu kuliko maneno. "Niachie mpaka kesho."

Kesho yake Randu aliupiga picha ukuta mweupe, akaikuza kwenye kompyuta. Madoa matatu meusi.

"Ukungu. Umeota ndani, kwenye kioo kinachopokea picha. Leo matatu, mwezi ujao kila uso utatoka una ndui. Mrudishie. Na mali ya namna hii, mwanangu, hujui imetoka chumba cha mgeni gani."

Nyevu akarudi kwake, kamera ameiacha pale pale kibandani mpaka kesho airudishe, moyoni anasema nilijua tu. Akafungua picha za Matsangoni azifute. Nyuma ya mama wa korosho mbingu ilikuwa pana na nyeupe. Akaitafuta ile picha ya tundu dogo, akaikuza kila pembe. Hakuna doa. Ukungu gani huota kwa usiku mmoja?

Hajainuka, simu ikalia. Nduku.

"Dada, ungeniambia mwenyewe kuliko kumtuma mtu."

"Nimemtuma nani?"

"Fundi wako. Amenipigia asubuhi, ati kamera imeharibika, ila yeye ataichukua kwa robo ya bei aifanye vipuri. Mnanichezea shere, nyinyi wawili? Ilete kwangu leo hii hii; kitambulisho chako ninacho."

Nyevu akaenda moja kwa moja kibandani.

"Mjomba, isafishe hapa mbele yangu."

"Ukungu hausafishwi."

"Jaribu tu."

Randu akashika kipulizo cha mpira, akapuliza mara mbili, akaupiga ukuta picha. Mweupe pe.

"Basi lilikuwa vumbi."

"Vumbi la wapi, mjomba? Ilipofika kwako haikuwa nalo. Na nambari ya Nduku umeitoa mkobani, ukampigia ya nini?"

Randu akaanza kutafuta bisibisi, nayo i mkononi mwake. "Nilitaka kukuepusha na hasara," akasema. Nyevu akachukua kamera akatoka.

Watamu, Nduku alimpokea barazani, hakumkaribisha ndani. Akalinganisha nambari ya chini ya kamera na ile ya karatasini, akakagua skurubu moja baada ya nyingine. Nyevu alikaa kama mshukiwa kituoni. Akaona afadhali aseme yote, mpaka lile la kudhani kamera ni ya wizi.

Nduku akacheka bila furaha. "Nilimnunulia mwenzangu, Linet, tusaidiane. Hata mwaka haujaisha akapata kazi kwingine. Tangu hapo imelala mkobani. Na Matsangoni? Naishi peke yangu. Nisiyemjua aje aone ninapoweka vifaa?"

Nyevu akaitikia kwa kichwa. Naye wateja wapya hakuwapokea nyumbani.

"Kaa hapo mlangoni," Nduku akasema, "nione kama mmeniharibia."

Nyevu alikuwa hajakaa mbele ya kamera miaka mingi. Picha ilipotoka wakaitazama pamoja: kidevu juu, jicho moja limefinywa, kama mtu anayechungulia mizani ya muuza nyama.

"Nzima," Nduku akasema. "Bei ni ile ile."

"Ile ile."

Akalipa iliyobaki. Kabla ya kumrudishia kitambulisho, Nduku aliitazama picha iliyomo, akamtazama usoni, akaitazama tena.

Siku hizi Nyevu huenda harusini na kamera mbili, na kuzisafisha huzipeleka Malindi. Akikutana na Randu sokoni humwamkia kama zamani, naye huitikia. Kama madoa yale aliyatia kwa mkono wake, au yaliingia yenyewe akaona bahati imemwangukia, Nyevu hajui, na mamake akimuuliza kwa nini anampita mjomba wake, husema fundi wa Malindi ana nafasi.