Helmeti Inawasha

Siku ya mwisho ya timu za futiboli ya Kimarekani kuchagua wachezaji wapya, Earline Guillory alipika kwa sufuria yake kubwa kuliko zote. Supu nzito ya bamia na kamba, wali kando, saladi ya viazi. Nusu ya mtaa wao pale Opelousas ilijazana sebuleni mbele ya televisheni, ikimngoja Lavelle, mjukuu aliyemlea tangu akiwa mchanga, asikie jina lake. Wakaitwa wakimbiaji, wakaitwa warushaji, akaitwa hata mpiga teke mmoja mwembamba kama fito. Lavelle hakuitwa.

"Hata mpiga teke!" Clovis wa nyumba ya pili akapiga kelele. "Lavelle, si ungejifunza teke tu?"

"Clovis, kula unyamaze," Earline akasema, akamwongezea wali ili mdomo uwe na kazi.

Walikuwa wanaosha bakuli simu ilipolia. Timu moja ya kaskazini ilimtaka aje kambini ajaribiwe, bila ahadi yoyote. Lavelle alicheza katikati ya safu ya ulinzi, pale wanapoinama wale vibonge kuziba njia ili adui asipite na mpira.

"Wengine wote wanasema mimi mfupi, Bibi."

"Mfupi wapi? Mlango wangu unaupita umeinama."

Akaenda. Kule kambini wapya hubandikwa utepe mweupe mbele ya helmeti, jina limeandikwa kwa kalamu nzito, makocha wapate kujua wanamfokea nani.

"Wangu wameandika Guilory, l moja," akamwambia bibi yake kwenye simu.

"Waambie warekebishe."

"Siwezi, Bibi. Nikibaki, watajifunza wenyewe."

Nafasi iliyobaki pale katikati ilikuwa moja tu, na aliyeigombea naye alikuwa mkongwe aitwaye Leotis Mabry, ndevu zimeingia mvi, magoti yote yamefungwa bandeji. Ni desturi wapya kuwabebea wakongwe helmeti na pedi za mabega baada ya mazoezi. Leotis alibeba zake mwenyewe. Alitembea na Lavelle polepole kurudi vyumbani, akimfundisha.

"Tazama vidole vya jamaa aliyeinama mbele yako, mkono chini," alimwambia. "Vikizama kwenye nyasi, amekuegemea, wanakuja kukimbia na mpira. Vikigusa juu juu, atarudi nyuma, wanataka kurusha."

Earline aliposikia hayo aliweka kijiko chini. "Mbona anakufundisha, na kazi ni hiyo hiyo moja?"

"Nilimwuliza. Akasema, 'Hata mimi sikuchaguliwa, dogo. Funga domo, tazama vidole.'"

Mchezo wa mwisho wa majaribio, Earline alisafiri kwenda kuuona, mkoba magotini. Baada ya mchezo ule makocha wangepunguza watu. Lavelle alikaa benchi kipindi baada ya kipindi, na Earline akatazama mgongo wake mpana mpaka macho yakamuuma. Adui wakasogea karibu kabisa na mstari wa kufunga. Ndipo Leotis, aliyekuwa uwanjani, akainua mkono akajigonga helmeti juu, mara mbili. Hiyo ni ishara wanayoijua wote: pumzi zimeniishia, leteni mwingine.

"Mzee kaishiwa!" mtu mmoja nyuma ya Earline akazomea. "Mpelekeni akalale!"

Earline aliona haya kwa furaha iliyomruka moyoni, maana mwingine wa kuingia alikuwa Lavelle peke yake.

Akaingia mbio, akainama. Earline akaona helmeti yake ikishuka kidogo, akajua anatazama vidole. Mpira ulipoinuliwa tu alichomoka chini chini, ule ufupi waliomkatalia ukampitisha chini ya mikono ya watu, akamkumbatia mkimbiaji kabla hajapiga hatua za maana. Wakajaribu tena palepale. Akawarudisha tena.

"Huyo mfupi ni nani?" akauliza yule wa nyuma.

Earline akageuka. "Guillory. Andika l mbili."

Siku ya kupunguza, Lavelle alipiga simu asubuhi.

"Bibi, nimebaki." Lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Leotis ndiye aliyeitwa kwa kocha akaambiwa aende. Alipita na begi lake, akanibandua utepe kwenye helmeti. Akasema, 'Huu hauna kazi tena, wanakujua.'"

"Maskini. Magoti yale."

"Hakuwa amechoka, Bibi. Alipotoka uwanjani siku ile alipita kando yangu, nilisikia pumzi zake. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Leo nimemwuliza kwa nini aligonga. Akasema helmeti ilikuwa inamwasha."

Earline akaomba anwani ya Leotis, na tangu hapo kila kiangazi, tini zikiiva uani, chupa moja ya jamu ilikwenda kwake.

Lavelle alidumu. Hakuwekwa kwenye matangazo, lakini makocha walikuja wakaondoka, yeye akabaki pale katikati, vidole vimepinda kila kimoja upande wake, jina mgongoni lina l zote mbili. Wapya hawakumbebea helmeti.

Kiangazi kimoja, ndevu zake nazo zimeanza mvi, mtaa ulikuwa sebuleni tena kutazama mchezo wa mwisho wa majaribio. Adui walikuwa karibu na mstari. Lavelle akainua mkono, akajigonga helmeti mara mbili. Kibonge mmoja mpya akakimbia kuingia, utepe mweupe ungali kwenye helmeti yake.

"Haya, kwisha habari yake!" Clovis akasema, kijiko hewani. "Lavelle wetu kaishiwa pumzi. Kazi hiyo wanampa yule mtoto, Bi Earline."

"Huenda wakampa," Earline akasema.

Simu ikalia. Alikuwa Leotis. "Mama Earline, umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

Akafuta macho kwa kitambaa cha jikoni, akaenda kabatini, akashusha chupa mbili za jamu badala ya moja.

"Amechoka, si amechoka?" Clovis akang'ang'ania.

"Helmeti inamwasha," Earline akajibu. "Sogea uone vizuri, na unisomee jina la yule mtoto kwenye utepe. Herufi zote."