Pini Kwenye Kiti

Nisiwe mnafiki: mdogo wangu nilimwonea wivu hadi roho ikaniuma. Mimba zangu tatu zilitoka, na kila mara nilirudi kwenye cherehani siku ya nne, hakuna aliyeniletea hata mto. Yeye, mimba ya miezi mitano, akisema tu "mgongo", mama yetu mbio, shemeji anamvua viatu. Mara mguu unawaka moto, mara umekufa ganzi. Alaa!

"Huyo anadeka," nilimwambia mama. "Mimba si ugonjwa." Mama akaniamini, safari ya hospitali ikaahirishwa.

Jumatatu akaja kibandani kwangu akichechemea, nimpanulie gauni. Nilimpima huku nikimsonya kimoyomoyo. Nilipomaliza akajibwaga kwenye kiti changu, juu ya kola niliyokuwa nimeibana kwa pini nikaisahau pale. Mafundi wote tumewahi kukalia pini, na hakuna asiyeruka. Nikasubiri aruke. Mungu anisamehe, nilitaka aruke.

Hakuruka. Alipiga soga weee, na alipoinuka, kola iliinuka naye, pini mbili zimezama kwenye kalio.

"Huumii?"

"Naumia nini?"

Nikazichomoa. Hata hakushtuka.

"Tangu jana huko chini sisikii kitu, dada. Na mkojo hautoki. Niliogopa kusema, mtasema nadeka."

Nikaacha kibanda wazi, tukakimbilia hospitali.

Walimpiga picha kwa mashine ya sumaku, ambayo haina mionzi. Daktari akatuambia nyama iliyo kati ya pingili za mgongo imechomoka, inabana mishipa ya fahamu. "Apasuliwe leo. Tukichelewa, huenda asitembee tena."

"Na mtoto?" mama akauliza.

"Tutamlaza mgonjwa kwa uangalifu, tumbo lisibanwe. Moyo wa mtoto tutausikiliza kabla na baada."

Benchi lilijaa ndugu, wote wanamwombea yeye. Hata hapo wivu ulinichoma. Mimba zangu zilipotoka, benchi lile nilikaa peke yangu.

Alipozinduka baada ya upasuaji, mdogo wangu alichezesha vidole vya miguu. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Akanishika mkono mbele ya wote.

"Nyote mlisema nadeka," akasema. "Dada peke yake ndiye aliyeniamini."

Mama akanitazama, kisha akainamisha macho. Alijua neno lile la kudeka lilitoka kinywani mwa nani. Nami nikauacha mkono wangu mkononi mwa mdogo wangu.