Hadubini za Baba

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Placida ilikuwa imefika miaka tisa. Katika maabara ya hospitali alikofanya kazi, hapa London, wote walijua kuwa baba yake ni daktari. Nani angekwenda Bukoba kuhakikisha?

Basi mzee Telesphor mwenyewe akaja kumtembelea bintiye, na siku ya wageni maabarani ikaangukia wiki hiyo hiyo. Hansa, mkuu wa maabara, mzaliwa wa Mwanza, akampokea kwa Kiswahili. "Shikamoo, daktari! Hebu chungulia hapa."

Mzee akainamia hadubini, akachungulia tone la damu. Hakukawia. "Malaria. Na hivi vyenye umbo la ndizi ndivyo mbu anavyovibeba."

"Loo! Ulisomea wapi, daktari?"

Mzee akamtazama bintiye. Placida akadakia, "Makerere," kisha akatamani ardhi ipasuke immeze. Maana mzee huyu alikuwa mfagiaji wa hospitali ya misheni. Alijifunza hadubini kwa kuichungulia madaktari walipokwenda kula, akaishia kupima damu za watu miaka thelathini, cheti hana.

Na ona balaa, zamu ya Placida kuhutubia ikafika! Habari aliyoiandaa ni ya Antoni van Leeuwenhoek, Mholanzi wa zamani aliyeuza vitambaa. Chuo hakukanyaga, Kilatini hakijui. Akajichongea lenzi mwenyewe, akakwangua utando wa meno yake, akaona vijidudu vinaogelea. Akawaandikia wataalamu wa London kwa Kiholanzi chake hicho hicho. Kila neno lilimchoma Placida. Hansa alikuwa akimtafsiria mzee.

Makofi yalipokwisha, mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu, huyo muuza vitambaa hakuwa na mtoto?"

"Alikuwa na binti, Maria. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyezituma hadubini zake huku London."

"Akasema ni za nani?"

Placida akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Za baba yake," alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu. Akamgeukia Hansa. "Dada, nimekudanganya. Baba yangu hakusoma Makerere. Alikuwa mfagiaji."

Mzee Telesphor akavua kofia yake, akaipakata.

"Makerere nimefika," alisema kwa upole. "Mara moja tu, mwanangu. Siku ile nilipokupeleka wewe kusoma."