Konokono Aliyekula Jina Lake

Konokono alikuwa amekula jina lake. Kwenye kadi alipobandikwa palibaki duara la gundi iliyopasuka, na kwenye karatasi iliyomtaja kuanzia himaya, faila na ngeli hadi spishi, lilisalia neno moja: Wanyama. Mengine yote yalikuwa tumboni mwake. Mwenyewe yuko katikati ya rafu, pembe nje, anaburuta nyumba yake kuelekea sanduku la vipepeo, na nyuma yake mstari wa ute unang'aa.

Mvua ilikuwa imenyesha na paa la maabara likavuja. Zamu ya kufagia ilikuwa yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwita mwalimu wa biolojia kwa kelele.

Tulimwita Sifa Saba. Hakupishana nawe bila kukudai sifa za kiumbe hai, hata kama ndiyo kwanza unatoka msalani unajifunga mkanda. Nawe unamiminika: hula, hupumua, hujongea, hukua, huzaa, huhisi, hutoa taka. Ukiruka moja, unaanza upya. "Kisichokuwa nazo ni jiwe," alikuwa akisema. Konokono yule alimwokota yeye mwenyewe, mkavu, mlango wa gamba umezibwa kwa utando mweupe. Akamgusa, akamtikisa, akambandika. Tulikuwa tumeshafanya mitihani ya mwisho wa mwaka mara mbili mbele ya kadi ile.

Sasa alimwinamia, miwani mkononi, darasa zima limemsonga mgongoni.

"Mwalimu," akasema msichana mmoja asiyejua kufunga mdomo, "kumbe mwenzetu alikuwa anasikiliza vipindi vyote!"

"Na ndiye pekee aliyeelewa. Wewe kaa chini."

Tukacheka. Mimi niliacha kucheka kabla ya wenzangu. "Kwa hiyo zile sifa ni uongo, mwalimu?"

"Sifa ni zilezile. Alikuwa anapumua, ila kidogo mno kwa macho yangu." Alimng'oa polepole, akamweka juu ya jani la kabichi. "Nilimpima siku moja tu, nikaenda zangu."

Siku hizi kubandika majina kwenye magamba makavu ndiyo kazi yangu, katika makumbusho. Kila gamba nalilowesha kwanza, nalisubiri, ndipo nachukua gundi. Wenzangu ofisini husema naosha maiti. Waseme.

Sikulishika neno la mwalimu kwa ajili ya konokono. Wakati ule, tangu tumzike baba, mama alikuwa amelala chumba cha ndani, uso ukutani. Huyu ni mama fundi cherehani, ambaye ulimi wake ulikuwa ukishindana mbio na sindano. Sasa hasemi, hageuki, chakula ni kijiko kimoja cha kulazimishwa. Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa ameamua: Jumamosi atachukua cherehani ampe binti yake aliyemaliza kujifunza kushona, mimi nihamie kwake, na mama apelekwe kwa mama mkubwa, mbali, "akapumzike." Neno hilo alilitamka kwa sauti ya makaburini. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alichoka kumlilia dada yake huku anamwona.

Jumamosi akaja, na mtu wa mkokoteni.

"Mjomba, mwache kidogo. Mpime tena."

"Nimpime nini, mpwa wangu? Mimi daktari?" Alipitisha kidole juu ya meza ya cherehani, akanionyesha vumbi. "Tazama. Mashine inakaa bure. Na yule mle ndani ... hayupo tena."

Nilikuwa na sketi ya shule iliyofumuka pindo. Kama kosa la mashine ni kukaa bure, basi isikae bure. Nikavuta kiti, nikatunga uzi, nikakanyaga.

Sikuwahi kushona kitu kikanyooka. Kitambaa kikajikunja, sindano ikakwama, uzi ukakatika. Nikatunga tena. Ukakatika tena. Mtu wa mkokoteni akaguna, akasema hata yeye angeshona vizuri zaidi. Mjomba alinishika bega. "Inuka, mama. Inatosha."

Nikakanyaga. Uzi ukakatika.

"Umekaza uzi wa juu."

Sauti ilitoka chumba cha ndani, kavu, inakwaruza kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Mkono wa mjomba ukabaki begani mwangu.

"Legeza skrubu. Utanivunjia sindano."

Nikalegeza. Nikashona pindo lote, limepinda kama mto. Mjomba alitoka uani. Nilimsikia akimwambia mtu wa mkokoteni aende tu, leo hakuna mzigo.

Mama hakuinuka siku ile, wala siku zilizofuata, na mjomba hakuuliza tena habari za mashine. Jioni ya Jumamosi ile nilipoingia kuchukua sahani, chakula kilikuwa vilevile, naye amefumba macho. Ila alikuwa amegeuka. Uso wake ulielekea mlangoni.