Mdomo wa Mtu wa Mpingo

Jumatatu asubuhi Polikarpo alikuta unga mweusi wa msasa sakafuni mwa karakana ya ushirika, pale Mikocheni. Jumapili hakuna aliyefanya kazi. Akaugusa kwa kidole, kisha akainua macho kwenye rafu.

Juu alisimama Mtu, kinyago alichokichonga Polikarpo mwenyewe mwaka wa Azimio la Arusha. Mtu alikuwa na yale aliyonayo kila binadamu: kichwa, macho, mikono, mdomo. Chini yake walisimama wanachama, kila mmoja kwa kinyago chake badala ya kadi. Yaliyo ya wote yalikaa kwa Mtu, kwa hiyo mwanachama alichonga yaliyo yake tu. Tabu alichonga mguu wake mfupi, Genoveva mtoto mgongoni, Polikarpo masikio yake makubwa. Kipande kikiwekwa chini ya Mtu, kulipokucha kilikuwa kimeota mengine yote. Iliwapunguzia kazi. Ni mwenyekiti Kasiani peke yake aliyejichongea na mdomo, nao wakamtania kwamba anaharibu mpingo.

Sasa Mtu hakuwa na mdomo. Pahali pake palikuwa laini. Vinyago vya chini vilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa cha Kasiani.

Kasiani alipoingia alikuwa na weusi kwenye kucha, lakini mchongaji gani hana? Polikarpo akafagia ule unga. Nyumbani mdomo wake mwenyewe ulifanya kazi vizuri; alikula ugali, akamsimulia mkewe, Eufrazia.

“Mchunge huyo Kasiani,” Eufrazia akasema. “Hakuna anayefuta midomo ya wenzie bure.”

Alhamisi wanachama wakafanya mkutano. Kasiani alieleza kwamba karakana itahamia Kimbiji, na kiwanja atapewa shemeji yake ajenge ghala. Nyumba ya Polikarpo ilikuwa humohumo kiwanjani, vyumba viwili alivyovijenga kwa jasho lake. Mwenye kupinga aseme, alisema Kasiani, akasubiri kwa adabu.

Polikarpo alisimama. Akapeleka mkono usoni, akakuta ngozi tupu. Tabu naye alikuwa amesimama, na Genoveva, wote wakijipapasa chini ya pua. Kasiani aliwashukuru kwa umoja wao, akaahidi kuuthibitisha uamuzi Alhamisi ya pili. Walipotoka mkutanoni midomo ilirudi.

Polikarpo alitaka kumrudishia Mtu mdomo, lakini Kasiani alikuwa ameshambeba kwenda kwake, eti asiibiwe. Kinyago cha mwenzio ni mwiko kukigusa. Basi akachukua patasi akachonga mdomo kwenye kinyago chake, mpana, kisha akawapelekea wenzake patasi wachonge vyao. Genoveva aliitazama tu. Tabu aliisukuma pembeni.

“Mie nyumbani nasemaga vizuri tu, kaka,” akasema. “Na nyumba yenyewe si yangu.”

Maneno hayo yalimchoma Polikarpo kuliko hila ya Kasiani.

Alhamisi ya pili alisimama, na mdomo wake ukafunguka.

“Napinga,” akasema. “Pale ni kwangu. Mke wangu analala pale.”

Kasiani alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

“Ndugu zangu, mmemsikia mwenzetu,” akasema. “Ni mmoja. Yupo mwingine?”

Akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wameinamisha nyuso zao laini.

Jumamosi lori lilileta matofali ya ghala. Tabu alisaidia kuyashusha, akipiga soga na dereva muda wote.